Nilisimama mahali pa baba yake siku ya nikaha, kisha nikamrudisha kwa mumewe mara tatu

Mzee_wa_Birere (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum warahmatullah ndugu zangu wa Goma, na nyinyi mlio Bukavu, Uvira, Kindu na Lubumbashi.

Jambo hili nimeliandika na kulifuta mara nyingi. Leo naliacha liende.

Miaka sita iliyopita kijana mmoja wa msikitini kwetu alitaka kuoa. Binti alikuwa amekuja Goma kwa shangazi yake, wazazi wako Kasongo. Safari ya kutoka Kasongo hadi huku wenyewe mnaijua, na baba yake hakuweza kufika. Akanipigia simu, akasema, "Mzee, nakupa uwakala. Niozeshee binti yangu." Simu iliwekwa sauti juu, mashahidi wawili wakasikia, imamu akasikia. Nikakaa mkekani, nikaushika mkono wa bwana harusi, nikatamka maneno yale. Mahari ikatajwa, dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Nikarudi nyumbani moyo mweupe, najiona nimemaliza kazi ya watu.

Wakapanga nyumba katika parsele (kiwanja) iliyo nyuma yangu. Sisi wa mitaa hii tunaishi kwenye nyumba za mbao juu ya makoro, mawe meusi ya volkano, hasa tangu volkano ya 2002 ilipopita katikati ya mji. Kati ya chumba changu na chao kulikuwa na mbao mbili, na katikati nafasi ya mtu kupita upandeupande. Nikikohoa wanasikia. Mtoto wao akilia, mke wangu anaamka.

Ilianza na redio. Yule kijana hakuwa mtu wa redio, lakini jioni fulani ilifunguliwa kwa sauti ya kutikisa bati. Mara ya kwanza nilidhani ni habari za vita. Mke wangu alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Akaniangalia, akasema, "Baba Mwajuma, chini ya hiyo redio kuna mtu analia." Tukanyamaza. Parsele nzima ilinyamaza, hata wale wanaogombania zamu ya kuteka maji. Redio ilipozimwa, mwiko ukaendelea.

Tangu hapo sote tulijua redio maana yake nini. Na hakuna aliyegonga.

Mara ya kwanza alikuja mwenyewe, saa tatu usiku, mtoto mgongoni. Alikaa juu ya bidoni, dumu la maji, mlangoni, hakutaka kiti. Swali langu la kwanza kwake lilikuwa hili: "Ulimfanya nini?" Nataka mlisome mara mbili, maana ndilo kosa langu lote. Nikamwita mume, tukanywa chai, nikawasomea aya za upendo na huruma, tukapiga Fatiha, nikamwambia binti, "Subira, mwanangu. Ndoa ni kusitiriana." Akarudi. Miezi minne baadaye akaja tena, na maneno yangu yakawa yaleyale. Mara ya tatu hakuja na mtoto, alikuja na shangazi yake, na kitambaa kimebanwa kichwani upande mmoja. Bado nilimrudisha.

Leo ukimsalimia binti yule, anageuza kichwa kwanza ili akupe sikio linalosikia. Ameachana na mume, anaishi na watoto wawili karibu na shangazi. Nikikutana naye njiani ananiamkia kwa heshima, "Shikamoo baba." Kila anapogeuza kichwa, mimi naona mkeka ule na simu ile.

Nimekuwa nikijiuliza neno sitara tulilipelekaje mahali pale. Tumefundishwa kusitiri aibu ya Muislamu, na hilo ni haki. Lakini aibu ni ya mtu aliyeteleza akajificha na Mola wake. Anayempiga mwingine hajateleza peke yake, ana mtu chini ya mkono wake. Mimi sikumsitiri binti. Nilimsitiri mume, na nilimsitiria kwa mwili wa binti.

Swali langu kwenu: uwakala wa ndoa unaishia wapi? Ushahidi wa ndoa unaishia wapi? Sisi tuliokaa mkekani tunadaiwa nini usiku redio ikifunguliwa?

---

MamaShukuru

Aleikum salam mzee. Mimi naandika Kiswahili yetu ya hapa, mutanisamehe.

Kwetu Ndosho haikuwa redio, ilikuwa mulango. Kama bwana anafunga mulango muchana na batoto bako inje, tunajua. Batoto banakaa ku makoro, hakuna mwenye anacheza. Ule mukubwa anafunika ule mudogo masikio na mikono yote mbili. Ule mukubwa alikuwa wangu.

Mara ya kwanza nilitoka usiku bila kitu, hata viatu. Nilirudi kesho yake juu batoto balibaki. Mara ya pili nilikuwa nimejua. Kadi ya kura, buku ya chanjo ya batoto, na feza ya likelemba (muchango wa bamama wa zamu), vyote nilivipeleka kidogo kidogo kwa mama mwenye tunauzishaka naye sambaza, samaki badogo, pale soko ya Kituku. Siku yenyewe nilitoka na mutoto ku mugongo na bidoni ku mukono, kama mwenye anaenda kuteka mayi.

Njo maana naomba, musimuambie tu mwanamuke "ukimbie". Siku ya kutoka njo siku mbaya kupita zote. Bwana akisikia unapanga, anaweza kukuua. Muulize kwanza: uko na fasi ya kulala? Nani atakaa na batoto? Nani anajua? Kama hakuna jibu, mumusaidie kupata jibu, kisha njo atoke.

Na feza. Wangu alikuwa anakamata kapitali yangu yote kila mwisho wa juma. Kunipiga kulikuja nyuma. Kama mwanamuke anauzisha kila siku na kila siku anakopa kapitali mupya, bamama wa likelemba mumuulize, taratibu, pembeni.

---

AbuTalha_Katindo

Mzee, nakuheshimu sana, lakini uzi huu unanitia wasiwasi. ONG, haya mashirika ya misaada, zinakuja kila siku na semina zao, na mwisho wake ni kuonyesha kwamba Waislamu ndio wapigaji. Majirani zetu Wakristo hawapigi? Pili, aya ya 34 ya Suratun-Nisaa, inayotaja kumpiga mke, ipo, hatuwezi kuifuta kwa sababu wafadhili hawaipendi. Tatu, tukianza kila mke akipigwa kofi aondoke, ndoa ngapi zitabaki Goma? Vita imeshatumaliza, wanaume hawana kazi, benki zilifungwa Januari 2025 M23 walipoingia mjini. Mwanaume amebanwa kila upande.

---

Ustadha_wa_Darsa

Ndugu AbuTalha, hoja yako ya kwanza ni kweli na nitaanza nayo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2013-2014 ulikuta wanawake 52 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Hiyo ni Kongo nzima, ambako Waislamu ni wachache. Kwa hiyo hatusemi ugonjwa huu ni wa Waislamu. Tunasema umeingia hata kwetu, na kwetu umevaa kanzu. Ni kazi yetu kuivua kanzu hiyo, ONG haiwezi kutufanyia.

Aya ya 34 haifutwi na mtu. Tuisome pamoja na yule aliyeteremshiwa. Bibi Aisha amesema Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata kupiga kitu chochote kwa mkono wake, si mwanamke, si mtumishi, isipokuwa akiwa vitani katika njia ya Allah. Imo katika Sahih Muslim. Ibn Abbas alipoulizwa kipigo kisichoumiza ni kipi, alijibu: kwa mswaki na mfano wake. Imamu Shafi, ambaye wazee wetu walipokea madhehebu yake pamoja na Kiswahili kutoka pwani, alisema kuacha ndiko bora. Sasa nionyeshe mlango gani katika hayo unaoingiza ngumi, mkanda, au kichwa kilichobamizwa kwenye mbao.

Mzee, swali lako la mlangoni lina jibu, nami nimelisoma kwa wanawake wa darsa yangu mara nyingi. Katika Sunan za Abu Dawud imepokewa habari ya Habiba binti Sahl, mke wa Thabit bin Qays. Mtume alitoka kwenda kusali Alfajiri, akamkuta mtu mlangoni kwake gizani. Akauliza, "Nani huyu?" Akasema, "Mimi Habiba binti Sahl." "Una nini?" Akajibu, "Si mimi na Thabit," yaani hawezi kuendelea naye. Katika mapokezi ya Bibi Aisha imetajwa kwamba mumewe alikuwa amempiga hadi akamvunja. Mtume hakumuuliza alimfanya nini mumewe. Hakumwambia arudi akasubiri. Alimwita Thabit, Thabit akachukua alichokuwa amempa, wakatenganishwa. Thabit huyu ni Sahaba, msemaji wa Mtume mbele ya wageni. Heshima yake haikumzuia mwanamke kusikilizwa.

Nawaomba maimamu waisome habari hii mimbarini. Sisi wanawake tunaisikia darasani, kisha tunarudi nyumbani kwa wanaume ambao hawajawahi kuisikia.

Na kwa wanaoogopa kusengenya: Fatima binti Qays alipoposwa na watu wawili, alikwenda kwa Mtume kutaka shauri. Mtume akamwambia Abu Jahm haitui fimbo yake begani, na Muawiya ni maskini hana mali. Akamshauri aolewe na Usama. Mtume mwenyewe alimtaja mposaji kwa tabia ya fimbo, kabla ya ndoa, ili binti ajue. Sisi tunaposwa na mtu ambaye mtaa mzima unajua mke wake wa kwanza alitoka na mkono umefungwa, na tunanyamaza tukisema ni ghiba.

---

Muuguzi_wa_zamu

Nafanya kazi ya usiku, sitasema wapi. Naongeza yangu kwa haraka, niko kwenye mapumziko.

Goma tuna maneno moja ambayo kila muuguzi anayajua: "Nimeanguka kwenye makoro." Mtu aliyeanguka kwenye makoro anachubuka viganja, magoti, kiwiko, kidevu, kwa sababu mikono inatangulia. Ninayemwona mimi viganja ni vizima. Ana alama upande wa nje wa mkono, pale unapoinua kujikinga. Ana sikio. Ana michirizi shingoni. Na pembeni yake amesimama mwanaume anayejibu maswali yake yote.

Sigombani na mwanaume. Namwambia, "Baba, tunampeleka kwenye mzani." Mzani uko nyuma ya pazia. Pale ndipo ninapouliza, kwa sauti ndogo, swali moja tu: "Ukirudi leo utakuwa salama?" Wengine hulia tu. Wengine husema hapana, na tunaanzia hapo.

Mambo ambayo ndugu na majirani wanapaswa kuyajua. Kofi la sikioni linaweza kupasua ngoma ya sikio. Mara nyingi hupona kwa wiki kadhaa likikaa kavu, lakini likipigwa tena na tena, mtu anabaki hivyo. Mzee, yule binti wako huenda angepona mara ya kwanza. Samahani, lakini umeuliza kwa dhati, nami nakujibu kwa dhati.

Kukabwa shingo ni jambo la hatari kuliko linavyoonekana. Ngozi inaweza isionyeshe kitu. Akiwa na sauti ya kukwaruza, akimeza kwa shida, au alipoteza fahamu hata kidogo, aje hospitali usiku huohuo. Na mume aliyemkaba mke mara moja ana hatari kubwa zaidi ya kumuua siku nyingine. Msipatanishe hapo. Nasema kwa herufi zote: MSIPATANISHE.

Kama amelazimishwa, hata na mume, asikae siku tatu akifikiria. Dawa ya kuzuia VVU inafanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Hapa Goma kuna hospitali ya HEAL Africa, Bukavu kuna hospitali ya Panzi ya Daktari Mukwege, wamezoea kazi hii kwa miaka mingi na hawatakuuliza ulivaa nini. Na daktari akuandikie karatasi ya majeraha, yenye tarehe. Iache kwa mtu unayemwamini.

---

AbuTalha_Katindo

Ustadha, habari ya Habiba sikuwahi kuisikia yote. Sitaki kubishana nayo. Lakini swali la umaskini hamkulijibu. Na je, mwanamke akisema uongo?

---

Nimeacha

AbuTalha, la umaskini nitakujibu mimi, maana nilikuwa natumia neno hilohilo.

Nilikuwa nampiga mke wangu. Sitaandika "tuligombana" wala "hasira zilinishinda." Nilikuwa nampiga. Nilikuwa dereva, gari likachukuliwa, nikakaa bila kazi. Kila siku nilipita kwenye vizuizi viwili kwenda kutafuta kibarua. Pale naambiwa shuka, nashuka. Toa kofia, natoa. Vijana wadogo kwa wanangu wananitukana, nami nasema asante chef. Mkono wangu ulitulia kabisa pale, siku nzima. Ulikuwa unaamka nikifika mlangoni kwangu. Nilichelewa sana kujiuliza unajuaje nyumba.

Sikuacha kwa sababu ya mawaidha. Mawaidha nilikuwa naitikia "amina" na siku tatu baadaye napiga. Mke wangu alikwenda kwa mjomba wake na watoto. Nikaenda na wazee wawili kumchukua, kama desturi. Mjomba, mzee wa Maniema, alitukaribisha chai, akasikiliza, kisha akasema, "Hatoki." Wazee wangu wakataja subira. Akasema, "Subira mpelekeeni huyu kijana. Asubiri yeye." Nilisubiri miezi minne, na katika miezi hiyo kila Ijumaa nilipeleka posho ya watoto, kidogo au nyingi, bila kuruhusiwa kuvuka kizingiti. Kwenye mwezi wa nne mke wangu mwenyewe, kwa hiari yake, alisema atajaribu.

Alivyorudi, mjomba na mkewe walikuja kila Alhamisi baada ya Isha. Mjomba anakaa na mimi. Mkewe anaingia jikoni na mke wangu, wanafunga mlango. Mwaka mzima. Sikujua wanasema nini. Nilijua tu kwamba kila Alhamisi kuna mtu atauliza, na jibu halitapitia kwangu kwanza. Mara moja, katikati, nilimsukuma. Alhamisi ile mjomba hakunywa chai. Alisema neno moja, "Nimesikia," akaondoka na mpwa wake kwa wiki mbili. Sikurudia.

Hii haitafaa kwa kila mtu. Muuguzi amesema kuna ambao haifai kabisa kurudiana nao, na mimi namwamini. Natoa tu kilichotokea kwangu.

---

Binti_wa_Sheria

Nasaidia wanawake na karatasi zao, kwa hiyo nitasema upande huo.

Wengi wetu tunafunga nikaha msikitini na tunaishia hapo. Mbele ya serikali ndoa hiyo haipo mpaka iandikwe kwa afisa wa komine (manispaa). Siku ya ugomvi, mke anakuja kudai haki ya nyumba waliyoijenga pamoja, anaambiwa lete hati ya ndoa, hana. Mke wa pili ndiye anayeumia zaidi, maana sheria ya Kongo haitambui ndoa ya pili hata ikiandikwa vipi msikitini. Mabinti waambiwe hilo kabla, siyo baada.

Kanuni ya Familia ni ya 1987, ikarekebishwa Julai 2016. Zamani mke alihitaji idhini ya mume hata kwenda mahakamani. Hilo limeondolewa 2016. Umri wa kuolewa ni miaka 18 kwa wote wawili, na hakuna wazazi wala shehe wa kuupunguza. Sheria ya jinai inaadhibu kumpiga na kumjeruhi mtu, na haijaandika popote "isipokuwa mke wako."

Najua mtaniambia: mahakama iko wapi leo Goma? Tangu Januari 2025 mambo ya mahakama hapa mjini siyo yale ya zamani, nami nakaa nayo kila siku. Lakini karatasi ya daktari yenye tarehe haiozi. Hati ya ndoa haiozi. Mwanamke mwenye karatasi zake ana pa kuanzia siku mlango ukifunguliwa, hapa au mji mwingine.

AbuTalha, kuhusu uongo. Hatumfungi mtu kwa neno la usiku mmoja. Mwanamke akija usiku anasema kapigwa, tunampa mahali pa kulala. Kama alidanganya, tumepoteza mkeka na blanketi la usiku mmoja. Kama alisema kweli na tukamrudisha, hesabu yake mzee ameshaiandika pale juu.

---

MamaShukuru

Na mimi naongeza hii moja. Aya inasema mwamuzi wa upande wa bwana na mwamuzi wa upande wa bibi. Hapa Goma bwana ana bakaka, ana baba mudogo, ana barafiki ba musikiti. Bibi batu bake bako Kindu, bako Masisi, bengine bakimbizi, uwanja wa ndege ulifungwa 2025. Munakaa kikao, wanaume saba na yeye moja. Hiyo haiko hukumu ya Kurani. Upande wake uko wapi?

---

Mzee_wa_Birere

Nimesoma yote, nimesoma usiku, nimemsomea na mke wangu. Muuguzi, usiniombe samahani.

MamaShukuru, ulilosema la mwisho nililipeleka kwa imamu wetu Ijumaa iliyopita pamoja na habari ya Habiba. Tulikaa na Ustadha mmoja wa wanawake, wazee watatu, na mama mmoja mkunga. Haikuwa rahisi, mzee mmoja aliinuka akaondoka, akarudi. Tulikoishia ni hapa. Kijana akitaka kuoa kwetu, tutauliza alikotoka, na kama aliwahi kuoa, wanawake watakwenda kumuuliza aliyeachwa, kwa adabu, na jibu lake litamfikia binti. Binti atazungumza na wanawake peke yake kabla ya nikaha. Baba akiwa mbali na akatoa uwakala, wakala anabeba uwakala huo mpaka ndoa iishe au yeye afe. Namba yake binti anayo. Atapita nyumbani baada ya siku 40, na baada ya hapo atapita na mkewe, na mkewe ndiye atakayeingia jikoni. Hili tumelichukua kwako, Nimeacha. Na hatutakaa kikao cha suluhu bila wanawake wawili wa upande wa bibi, ndugu zake wakikosekana, wa darsa watakaa mahali pao. Akikabwa, au akionyeshwa kisu, hakuna kikao.

Mwanamke akija usiku, halali njiani na harudishwi kabla ya asubuhi. Swali la kwanza ni "Umeumia wapi?" Tumekubaliana hata maneno, kwa sababu mimi najua usiku ule mdomo wangu ulikimbilia wapi.

Mke wangu ameongeza lake. Siku redio ikifunguliwa kwa jirani yeyote, yeye anakwenda kugonga kuomba chumvi. Chumvi, kibiriti, chochote. Anasema mwanaume anayepiga hapendi kufungua mlango na mkono wake bado una moto. Sijui kama itatosha, na nimemwambia asiende peke yake, aende na mama wa parsele ya pili.

AbuTalha amenitumia ujumbe wa faragha. Sitaueleza hapa, ni wake. Allah ambariki.

Jambo la mwisho. Jana, baada ya Asiri, nilimpigia baba yake Kasongo. Mtandao ulikuwa unakatika, nikapiga mara nne. Nilimwambia uwakala alionipa sikuutunza. Nilimwambia mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, kama nilivyowaandikia. Hakunikatiza. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni. Nikadhani mtandao umekwenda tena, nikasema, "Baba, unanisikia?"

Akasema, "Nakusikia. Sikio gani?"

Nikamwambia la kushoto.